Kitulo, hifadhi inayomtaka mgeni ainame

Chimala ni mji wa joto. Uko ukingoni mwa bonde la Usangu, kilomita 78 mashariki mwa Mbeya kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na shughuli zake ni mpunga, malori na abiria wanaosubiri basi. Nyuma tu ya maduka, upande wa kusini, milima imesimama wima. Barabara inayoipanda wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Kiangazi ni vumbi tupu, na mvua zikianza ni utelezi. Magari ya viazi yanashuka polepole, breki zikinuka, utingo akiwa ameshika jiwe mkononi tayari kuliweka nyuma ya tairi. Kadiri unavyopanda, miembe inabaki chini, hewa inapoa, na abiria waliokuwa wakijipepea na magazeti wanaanza kufungua mabegi kutafuta masweta.

Juu unafika Matamba, ambako hifadhi ina makao makuu yake. Viazi mviringo vimepangwa kando ya barabara kwenye magunia yaliyojazwa kwa lumbesa, na wanawake wamejifunga vitenge juu ya makoti mazito. Ukiendelea mbele kidogo, mlima unaacha kupanda na nchi inafunguka. Mbele yako ni uwanda wa nyasi usio na miti, unaopanda na kushuka taratibu hadi macho yanapokoma, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya safu za Kipengere, Mporoto na Livingstone. Hapo ndipo Kitulo.

Sisi Watanzania tumezoea kuipima hifadhi kwa ukubwa wa wanyama wake. Mtu akitoka Serengeti au Mikumi tunamuuliza kama kaona simba, kama kaona tembo. Kwa kipimo hicho Kitulo ni pori tupu, na nimewahi kumsikia mtu mwenye elimu yake akiuliza kwa nini serikali inaajiri askari wa kulinda majani. Swali lile liliniuma, na ni sehemu ya sababu iliyonifanya nipande kule.

Jibu ni kwamba majani yale hayana mfano. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 412.9, ilianzishwa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa kwa ajili ya mimea yake kabla ya kitu kingine chochote. Wataalamu wameorodhesha aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Zaidi ya aina 30 hazipatikani kokote duniani isipokuwa Tanzania. Wataalamu wa mimea wakaiita Serengeti ya Maua. Wenyeji walikuwa wameshaipa jina lao zamani, Bustani ya Mungu. Katikati kuna jina jingine ambalo limekufa, nami sisikitiki: ramani za kikoloni ziliuandika uwanda huu kwa jina la James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita hapa mwaka 1877 na kufariki mwaka uleule kabla hajarudi pwani.

Nilifika Februari, mvua zikiwa zimekolea. Kwa mbali uwanda ulikuwa wa kijani tu, na kwa dakika za mwanzo nilijiuliza maua yenyewe yako wapi. Mwongozaji wetu, kijana wa kijiji cha jirani aliyevaa buti za mpira na koti la mvua, alikuwa mbele akitembea haraka. Ghafla akainua mkono.

"Dada, simama hapohapo. Usisogeze mguu."

Nikatazama chini. Buti langu lilikuwa limebakiza inchi moja kukanyaga shina lililofika magotini mwangu, jembamba, lililojaa maua ya waridi yaliyopangana kutoka katikati hadi ncha. Nilichuchumaa. Kila ua lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, limejikunja mbele likafanya kofia, na nyuma yake vilining'inia vijimkia viwili vyembamba. Ndani ya vijimkia hivyo, kijana akanieleza, ndimo asali inamokaa, na mdudu asiye na mrija mrefu haifikii. Akinyoosha mrija wake hadi chini, kichwa chake kinagusa chavua, nayo inamganda, anaipeleka kwenye ua la pili. Kisha akanionyesha okidi nyingine, njano. Kisha nyingine ya kijani, ambayo ningepita juu yake siku nzima nisijue kwamba ni ua. Nilipoinuka na kutazama tena, uwanda ulikuwa umebadilika. Palikuwa na maua kila mahali: aloe, jerani, yungiyungi, mibuyubuyu myekundu na ya machungwa iliyosimama majini, na kule mabondeni lobelia kubwa zinazompita mtu kimo. Ilinibidi niiname kwanza ndipo nianze kuyaona.

Hatua chache kutoka pale palikuwa na shimo. Lilikuwa na upana wa kiganja, udongo wake mweusi bado mbichi, na pembeni limetupwa shina lenye maua yaliyoanza kunyauka. Kijana hakusema kitu kwanza. Aliusukuma udongo kwa buti, akaufukia.

Okidi za Kitulo zina viazi viwili chini ya ardhi. Kimoja ni cha mwaka jana, kimekunjamana na kulegea, maana chakula chake chote kimepanda juu kulisha ua unaloliona. Cha pili ni kipya, kigumu na cheupe, nacho ni akiba ya ua la mwaka ujao. Mchimbaji anakitaka hicho kipya. Akikichukua, mmea umekwisha, kwa sababu cha zamani hakina nguvu ya kuotesha kitu. Na kusema kwamba utaota mwingine kwa mbegu ni kujidanganya. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi na haibebi chakula chake. Lazima idondoke penye kuvu wa aina inayokubaliana nayo, kuvu ndiye ailishe, na hata ikifanikiwa hupita miaka kabla haijatoa ua la kwanza. Shimo moja linalochimbwa kwa dakika moja linafuta kazi ya miaka yote hiyo.

Viazi hivyo vinakwenda kuwa chikanda. Aliyeishi Tunduma, Lusaka au Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Viazi vinakaushwa, vinatwangwa hadi unga, unga unachanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, kisha unasongwa motoni mpaka unashikamana. Ukipoa unakatwa vipande. Nimekula, na ni kitamu, kina ladha ya karanga na moshi, kinajaza tumbo. Kwa Wabemba wa Zambia ni chakula cha mababu. Tatizo lilianza pale kilipoacha kuwa chakula cha vijijini na kuwa kitafunwa cha mijini, kinachouzwa stendi, sokoni na hata kwenye maduka makubwa. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi walivuka mpaka, na nyanda zetu za kusini zikageuka shamba lao. Watafiti waliochunguza biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba viazi vinavyotoka katika nyanda hizi kwenda Zambia ni mamilioni kila mwaka. Okidi zote duniani zimo kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, lakini askari wa mpakani anayefungua gunia la viazi vikavu hana namna ya kujua vilitoka mlima gani, wala ni vya ua lipi.

Jioni, Matamba, nilikaa na mama mmoja anayeuza viazi mviringo karibu na nyumba ya wageni nilikofikia. Nikamuuliza kama watu bado wanachimba.

"Wanachimba, mwanangu. Zamani ilikuwa mchana, siku hizi usiku."

"Na wewe, mama, umewahi?"

Akanyamaza kidogo, akaongeza kuni. "Nililea watoto peke yangu. Hivi vya shambani bei inapanda, inashuka. Kile cha porini hakikosi mnunuzi."

Siwezi kumhukumu mama yule, na sitaki msomaji amhukumu. Wilaya hii, Makete, ilipoteza wazazi wengi sana kwa Ukimwi, na watoto walioachwa walilelewa na bibi zao kwa chochote kilichopatikana. Hasira yangu naielekeza kwa tajiri aliye mwisho wa mnyororo, anayepakia magunia na ambaye hajawahi kuiona okidi ikiwa imechanua. Na ninaamini, kwa niliyoyaona, kwamba shilingi ya mgeni anayelala Matamba, anayekula Matamba na kumlipa kijana wa Matamba amtembeze, inafanya kazi ambayo bunduki ya askari haiwezi.

Kuna hatari nyingine ambayo tunaisema kwa shida, kwa sababu inakuja imevaa vazi la wema. Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kupanda miti. Kata mti, panda mti. Makete na Njombe wamelipokea somo hilo kwa bidii, na misindano imefunika vilima vingi hadi mipakani mwa hifadhi. Imeleta fedha, sipingi. Lakini uwanda wa nyasi kama Kitulo haukukatwa miti ukabaki uchi. Hivyo ndivyo ulivyo, na kila kitu kilichomo kimezoea jua kali, upepo na jalidi. Mbegu ya msindano ikipeperuka ikaota katikati ya nyasi, kivuli chake kinaua okidi, na mizizi yake inakunywa maji ya kijito. Kung'oa mche wa msindano Kitulo ni kuhifadhi mazingira, na tungepaswa kulisema hilo shuleni bila kuona haya. Mashamba ya viazi nayo yanasogea, na moto wa kiangazi unaowashwa ovyo unapita mahali ambapo mmea ulikuwa unajiandaa kuchipua.

Anayetaka kuelewa thamani ya nyasi hizo amtafute mbayuwayu wa buluu. Ni ndege mdogo, buluu iliyokolea inayong'aa jua likimpiga, mkia una manyoya mawili marefu membamba. Anakuja Kitulo wakati wa mvua kuzaa, na kiota chake hakijengi mtini wala chini ya paa. Anashuka ndani ya shimo lililochimbwa na mhanga, anabandika kiota cha udongo na nyasi kwenye ukuta wa shimo, anatagia humo gizani. Tulimwona mmoja akiruka chini kabisa juu ya nyasi, akageuka, akatumbukia ardhini mbele ya macho yetu. Kufikia Aprili wanaondoka kwenda kaskazini, kwenye nyanda za nyasi za kuzunguka Ziwa Viktoria, Uganda na magharibi mwa Kenya, na hadi kaskazini mashariki mwa Kongo. Ili ndege huyu aishi, lazima nyasi ziwepo huku na kule, na mhanga awepo wa kumchimbia. Ukipanda msindano juu ya shimo lile, umevunja nyumba.

Ndege wengine tuliwaona bila kuwatafuta sana. Tandawala, yule ndege mkubwa wa ardhini, alivuka mbele yetu kwa mwendo wa mzee asiye na haraka. Wapo pia ndege wadogo ambao majina yao ya Kiingereza yamebeba majina ya huku, Njombe na Kipengere, maana hapa ndipo kwao.

Usiku ulikuwa mkali. Februari siyo mwezi wa baridi, lakini nililala na sweta mbili, na asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Wenyeji walinihurumia, wakaniambia nirudi Juni au Julai nione baridi yenyewe, wakati nyasi zinaamka zikiwa nyeupe kwa jalidi na maji kwenye ndoo yanashika barafu.

Baridi hiyo na ukungu huo ndivyo vinavyotulisha sisi tulio mbali. Udongo wa Kitulo, ambao asili yake ni volkano za ukanda wa Rungwe, unanyonya mvua kama godoro lililosahauliwa nje. Mvua ikikoma, unaendelea kuyaachia maji kidogo kidogo miezi yote ya kiangazi, na vijito vinavyotoka hapa vinateremka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Mchele wa Mbeya unaosifiwa Kariakoo unanyweshwa na maji ya milima hii. Mto unapita Hifadhi ya Ruaha, unajaza bwawa la Mtera, unazungusha mitambo ya Kidatu, kisha unaungana na Rufiji na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa muda kila kiangazi ndani ya hifadhi yake. Sehemu kubwa ya lawama ni ya matumizi ya maji kule Usangu, na hilo linajulikana. Lakini mto unaokamuliwa chini hivyo hauwezi kuvumilia kuharibiwa chanzo chake pia. Anayewasha taa Dar es Salaam ana haki na hata wajibu wa kuuliza habari za nyasi za Makete.

Upande wa magharibi na kusini uwanda unakatika, na msitu wa Livingstone unaanza. Ni dunia nyingine kabisa: giza, mianzi, miti iliyovaa kuvumwani hadi kwenye vidole vya matawi, na utelezi unaokulazimisha kushika kila kitu. Humo anaishi kipunji.

Habari za kipunji kila Mtanzania angepaswa kuzijua kwa moyo. Mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakiwahoji wawindaji wa Kinyakyusa kwenye Mlima Rungwe. Wawindaji walitaja wanyama mmoja mmoja, na miongoni mwao kima mmoja mwenye haya, mgumu kuonekana, aitwaye kipunji. Watafiti hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka uleule wakamwona. Mwaka uliofuata, bila wao kujua, watafiti wengine wakamkuta kima huyohuyo Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwaka 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science, na mwaka 2006 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba hana ndugu wa karibu vya kutosha kuwekwa naye katika jenasi moja. Akapewa ya kwake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika baada ya miaka 83. Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117 tu, wa Rungwe, Livingstone na Ndundulu wote kwa pamoja. Wapo Tanzania peke yake. Wazee wa Kinyakyusa walimjua muda wote huo, na ilichukua mtu mmoja kuwauliza na kuwasikiliza.

Hatukumwona. Tulikaa chini ya mti asubuhi nzima, shingo zikiuma, na kulipokaribia adhuhuri tukasikia mlio wake bondeni, sauti nzito inayokoroma na kubweka kwa pamoja, isiyofanana na ya kima mwingine yeyote ninayemjua. Kijana alitabasamu. Mvua ikaanza tena, na mlio haukurudia.

Walimu wa Mbeya na Njombe wapeleke wanafunzi Kitulo. Nalisema kwa sababu wengi niliokutana nao mjini Mbeya, karibu kilomita 100 kutoka Matamba, walikuwa wameshakwenda Dar es Salaam mara kadhaa lakini hapa hawajafika. Maua ni Desemba hadi Aprili, na Februari na Machi ndiyo kilele. Uwe na koti la mvua la kweli, buti, na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwani barabara ya kona inakuwa mbaya. Septemba hadi Novemba mbingu ni safi, maua ni machache, lakini ni miezi mizuri ya kutembea kwa miguu. Juni hadi Agosti ni ya wapenda baridi na ukungu. Nyumba za wageni za Matamba ni za kawaida, mablanketi ni mengi, na chai ya maziwa inapatikana kabla jua halijachomoza. Tembea na mwongozaji, hata kama unadhani unaijua njia, maana bila yeye utakanyaga usichokijua.

Mwenye miguu imara aombe kupelekwa kwa njia ya safu ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni matembezi ya nusu siku, karibu yote ni mteremko, na magoti yatalalamika. Anzeni alfajiri, ili mawingu yakijaa mchana muwe mmeshavuka miteremko mikali, na mzungumze bei ya mwongozaji mapema, pamoja na nauli yake ya kurudi Matamba.